Xbox bado inaweza kuvuta wachezaji, au zama zake zimepita?

Kijana wa Makorora:
Wakuu, salaam. Nina banda la gemu hapa Tanga, Makorora. Mashine zangu ni PS3 na PS4, na karibu kila anayeingia anataka mpira: FC, au PES kwa wale wa zamani. Sasa kuna mtu ananiuzia Xbox Series S mbili, na bei ya zote haifiki hata ya PS5 moja. Nimezijaribu, zinawaka haraka, picha safi kabisa. Ila kila nikisoma habari za Xbox ya Microsoft naona gemu zao zinahamia kwa Sony, wenye PlayStation. Forza Horizon 5 ilitua PS5 Aprili 2025, Gears of War ikafuata Agosti, na hata Halo, iliyokuwa nembo yao, imetangazwa kwenda huko. Mimi Xbox naipenda, nilijifunzia kushika pedi kwenye Xbox 360 ya binamu yangu. Je, kampuni hii bado ina uwezo wa kuvuta watu, au nitabaki na mashine ambazo hakuna kijana atakayeziomba?

Pedi Nyeusi:
Mkuu, kabla ya yote: Series S haina sehemu ya kuingiza diski. Kila gemu ni kuishusha kwa bando lako, na gemu kubwa za sasa zinakula GB 100 na zaidi. Hifadhi ya ile ya kawaida ni GB 512, na mfumo wenyewe unachukua sehemu nzuri tu. Ile ya kubadilishana diski na mwenye banda wa mtaa wa pili, isahau.

Mzee wa Konsoli:
Mdogo wangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu Xbox nimeifuata tangu ile ya kwanza ya 2001.

360 ilivuta watu kwa sababu za wazi. Ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, ilikuwa na bei nafuu, na kucheza na wenzako mtandaoni kulipangwa vizuri. Kilichowaharibia ni Mei 2013. Siku ya kuitambulisha Xbox One walitumia muda mwingi kuzungumzia televisheni. Kisha yakaja masharti: mashine lazima iguse intaneti walau mara moja kila saa 24, na diski za mtumba ziwekewe vizuizi. Wewe mwenye banda unaelewa maana ya mtu kukupangia diski uliyoinunua kwa pesa yako! Watu walipopiga kelele, Juni wakafuta. Lakini bei ilibaki dola 499, maana kamera ya Kinect ilikuwa ya lazima ndani ya boksi, wakati PS4 ilikuwa dola 399.

Wachezaji walihama hapo. Phil Spencer, aliyekuwa akiiongoza Xbox, alikiri mwaka 2023 kwamba walishindwa katika kizazi kibaya kuliko vyote kushindwa, kwa sababu ndicho watu walichojengea maktaba zao za kidijitali. Mtu gemu zake zote ziko kwenye akaunti ya Sony, na marafiki zake wako hukohuko. Utamhamisha kwa lipi? Kwa vipimo Series X, kaka mkubwa wa Series S, ina nguvu kuliko PS5, teraflopu 12 dhidi ya 10 na kidogo, na hilo halikumtoa mtu alipo.

Pesa walimwaga kununua kampuni za gemu: Bethesda na wenzake dola bilioni 7.5, Activision Blizzard bilioni 68.7. Ukishatoa fedha kiasi hicho inabidi umuuzie kila mtu, mteja wa Sony akiwemo. Lakini kinachoniuma zaidi ni Mei 2024, walipotangaza kuifunga Tango Gameworks, studio yao iliyotengeneza Hi-Fi Rush, gemu iliyosifiwa kila kona. Wanaokutengenezea vya kuvutia ndio unaowafunga, halafu wachezaji waje kufuata nini?

Dada wa Nyamagana:
Kaka, usiwazike mapema. Mashine ya Nintendo, Wii U, iliuza milioni 13.56 tu, baada ya Wii iliyovuka milioni 100. Wengi walisema Nintendo basi tena, watengeneze gemu za simu. Machi 2017 ikaja Switch, unacheza kwenye TV, unainyanyua unaendelea nayo kitandani, na gemu mpya ya Zelda ipo siku hiyohiyo. Sasa imepita milioni 150. Xbox nao Juni 2025 walisema wanashirikiana na AMD, watengeneza chipu, kwenye mashine zijazo. Nafasi ipo.

Mzee wa Konsoli:
Dada, nakubali nafasi ipo. Ila Zelda hiyo huipati PlayStation hata uende wapi, na hapo ndipo Nintendo waliposimama. Xbox wametegemea Game Pass, ile huduma ya kulipia kila mwezi ucheze gemu nyingi, kisha Oktoba 2025 wakaipandisha ile ya juu kutoka dola 19.99 kwa mwezi hadi 29.99. Mashine ijayo ikija bila gemu yake yenyewe na ikiwa na bei kali, sioni nani ataifuata, na nasema hivi nikiwa bado na 360 yangu sebuleni.

Kijana wa Makorora:
Asanteni sana wakuu. Nachukua Series S moja, ya nyumbani, niimalize Halo na mdogo wangu. Banda naliongezea PS4. Mwenye PS4 Slim inayosoma diski vizuri, Tanga mjini au Muheza, aniambie bei na kama pedi zote mbili ni nzima.