Mbwa wangu Suzi anapona upungufu wa damu, kipimo cha damu (PCV) kimeshuka kidogo baada ya kupunguza dawa ya prednisoloni. Naombeni ushauri

MamaSuzi (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi na nyumbani hatuelewani.

Nina mbwa jike, Suzi, miaka 6, kilo 20, hawa hawa wetu wa kienyeji. Tarehe 11 Machi asubuhi hakutoka bandani kunipokea. Nilimkuta amelala anahema mbiombio, na mkojo wake pale sakafuni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Fizi zilikuwa nyeupe kabisa. Daktari alimpima PCV ikawa 13. Kwa wasioijua, ni asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu; mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55 hivi. Alipoitazama damu kwenye darubini akakuta chembe zimeshikana vishada, akaniambia kinga ya mwili ya Suzi inaangamiza damu yake yenyewe. Katika magonjwa ya kupe, kipimo cha babesia kilitoka hasi, cha erlikia chanya, kwa hiyo tunadhani kupe ndio walioanzisha yote haya.

Siku ile ile jirani yangu, Mungu ambariki, alimleta dume lake la kilo 32 likatoa mfuko mmoja wa damu. Kesho yake PCV ikawa 21. Suzi akaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5, nusu asubuhi nusu jioni, pamoja na antibiotiki ya doksisaiklini siku 28 na nusu kidonge cha klopidogreli cha miligramu 75 ili damu isigande kwenye mishipa.

Tarehe 3 Aprili PCV 32. Tarehe 17 Aprili 36, daktari akashusha hadi miligramu 30. Tarehe 1 Mei 37. Tarehe 8 Mei tukashuka tena hadi 22.5, vidonge vinne na nusu. Jana, tarehe 20, PCV ni 33.

Mimi hapo nimekufa moyo. Ugonjwa unarudi? Daktari amesema tusubiri tupime tena, lakini sauti yake kwenye simu haikunituliza.

La pili ni hizi dawa zenyewe. Suzi anamaliza zaidi ya lita mbili za maji kwa siku. Usiku naamka mara tatu kumfungulia mlango, akichelewa anakojoa barazani. Tumbo limetuna, mapaja yamekonda, anahema hata akiwa kivulini, na anaiba hata maganda ya ndizi. Shemeji yangu anasema dawa zinamuua, niziache zote mara moja ili mwili upumzike. Mama mkwe naye kachoka kupiga deki. Nashindwa kusema wamekosea kabisa, maana nikimtazama Suzi simwoni yule wa zamani.

Je, kuna aliyepitia hili? Mlishushaje dozi, na 33 ni ya kuogopa?

kibosho_juu

Pole sana dada. Huyo jirani mwenye dume ni mtu wa kumshika. Ngoja waje wajuzi.

Babu Mfugaji

Mwanangu, hizo prednisoloni ni sumu. Damu inatengenezwa na chakula. Mpe maini, mpe juisi ya rozela kila siku, na umtafutie sindano ya chuma. Sisi mbwa wetu tuliwatibu hivyo.

MfugajiRuiru

Shikamoo Babu. Kwa heshima zote, nakuomba niseme tofauti kwa sababu kwangu jambo hili lilinigharimu mbwa.

Dadangu, mwaka juzi nilikuwa na Bobi, ugonjwa ni huo huo. Alipofika wiki ya tano alikuwa anaruka, anabweka, anakula. Mimi nikaona amepona, na tembe zilikuwa zimeisha siku ya Ijumaa, nikasema nitanunua wiki ijayo. Kwani si amepona? Jumatatu hakuweza kusimama. Tulipofika kliniki PCV ilikuwa 11, na hata damu tuliyompa haikusaidia. Alikufa Jumatano alfajiri, kichwa chake kwenye mguu wangu.

Daktari alinieleza baadaye, na ndiyo sababu nakuandikia. Mbwa akimeza dawa hii kwa wiki nyingi, tezi zake za adrenali zinaacha kutengeneza homoni yake mwenyewe ya kotisoli, kwani inatoka nje. Ukikata ghafla, mwili unabaki mtupu. Na hapo hapo ile kinga iliyokuwa imefungwa kamba inafunguliwa. Ni mambo mawili yanampiga mnyama kwa pamoja. Mwambie shemeji kwa upole, lakini usikubali. Na usiache tembe zibaki za siku mbili. Nunua zikiwa bado za wiki nzima.

Dkt. Mifugo Moro

Habari MamaSuzi. Mimi ni daktari wa mifugo, ila Suzi sijamwona. Mwenye faili ni daktari wako, na kwa namna ulivyoeleza anafanya kazi nzuri. Nitakujibu yale ya jumla.

Kwanza hiyo 33. Tofauti ya 3 juu au chini inaweza kutokana na upimaji tu: mrija wa damu umezungushwa kwenye mashine muda gani, nani amesoma mstari, mbwa amekunywa maji kiasi gani kabla ya kutolewa damu. Namba moja peke yake haitoshi kusema ugonjwa umerudi. Rudia ndani ya siku 5 hadi 7, kliniki ile ile, mashine ile ile, ikiwezekana saa zile zile. Mwombe daktari atazame pia tone la damu kwenye kioo cha darubini. Kama chembe hazishikani, hazijageuka kuwa vitufe vidogo vya duara visivyo na weupe katikati, na plazima (maji ya damu) juu ya mrija ni angavu, si ya manjano wala nyekundu, moyo wako utulie. Ikiendelea kushuka, 33 ikawa 30 ikawa 27, basi hapo dozi hairuhusiwi kupungua tena na mara nyingi hurudishwa juu. Wakati huo huo anatafutwa kichocheo upya, hasa kupe.

Kuhusu kasi, mwongozo wa ACVIM, lile jopo la madaktari bingwa wa wanyama la Marekani, wa 2019, unashauri kuanza kushusha pale PCV inapokuwa imetulia juu ya 30 kwa wiki mbili, kisha kupunguza kama robo ya dozi kila wiki tatu, na kupima damu wiki moja hadi mbili baada ya kila hatua. Tarehe zako zinalingana na hilo. Safari ya prednisoloni kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita. Wewe una miezi miwili na kidogo tu. Ukitaka kuharakisha, kuna njia halali: kuongeza dawa ya pili ya kutuliza kinga kama azathioprini, ambayo humwezesha daktari kushusha prednisoloni kwa haraka zaidi. Lakini nayo ina gharama yake, maana ini na chembe nyeupe lazima zipimwe mara kwa mara. Muulize daktari, usijinunulie duka la dawa.

Babu, maini kidogo hayana ubaya. Sindano ya chuma ndiyo hapana. Katika ugonjwa huu chembe zinavunjwa lakini chuma chake kinabaki mwilini na kutumika tena, tofauti na mnyama anayepoteza damu kwa minyoo au kidonda. Kumwongezea ni kumlimbikizia mzigo. Na jambo moja la jikoni kwetu: mchuzi uliopikwa na vitunguu maji au vitunguu saumu usiende kwenye bakuli la mbwa huyu hata tone. Vitunguu vyenyewe huvunja chembe nyekundu za mbwa.

Maji usimnyime kamwe. Kiu, njaa, kuhema, tumbo na mapaja ni kazi ya dawa, na vinaisha kadiri dozi inavyoshuka, ingawa misuli huchelewa kurudi. Kinyesi cheusi kama lami ni kidonda cha tumbo: simu saa hiyo hiyo. Kujikunyata na kukojoa matone matone ni maambukizi ya kibofu. Kuhema kwa shida kulikoanza ghafla huenda ni damu iliyoganda kwenye mapafu, na hilo ndilo linaloua wengi wao kuliko upungufu wenyewe, kwa hiyo klopidogreli isikatishwe bila ruhusa. Akianza kuchechemea msimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya nyumbani.

Babu Mfugaji

Nimekusikia daktari. La chuma sikulijua. MamaSuzi, fuata la daktari.

tausi wa Sakina

Mimi wangu alipona, yupo hapa miguuni mwangu mwaka wa pili sasa, ngoja nikupe ya nyumbani.

Weka daftari. Tarehe, vidonge vingapi, amekunywa maji kiasi gani (nilikuwa napima kwa jagi), amekula, na rangi. Rangi iangalie kila asubuhi mahali pamoja, mimi ni dirisha la jikoni, kwa sababu taa za ndani hudanganya. Kama fizi za Suzi zina mabaka meusi kama za wangu, vuta kope ya chini uangalie wekundu wa ndani. Halafu bonyeza ufizi kwa kidole, achia, hesabu: waridi irudi kabla hujafika mbili.

Dawa mpe akiwa ameshakula. Mimi nilikuwa nasokota kidonge ndani ya ugali na dagaa, tonge la kwanza tupu, la pili lina dawa, la tatu tupu, haraka haraka asipate muda wa kuchunguza. Kidonge cha kugawa nusu kikate jioni ukiwa na akili timamu, si alfajiri.

Kupe: kumwogesha peke yake hakutoshi. Wale wa rangi ya kahawia hutaga kwenye nyufa za banda na kupanda ukutani. Tuliziba nyufa zote kwa saruji, tukachoma majani ya kulalia, na wangu anapata kidonge cha kutafuna cha kupe bila kuruka hata mwezi. Daktari wenu ndiye atakuchagulia kipi.

Na dada, kuhusu mama mkwe: nilitandika magunia yaliyofuliwa pale barazani, nikawa nafua mwenyewe kabla hajaamka. Ukifika vidonge vitatu kwa siku utaona unalala usiku bila kuamshwa amshwa.

MfugajiRuiru

Na chanjo uliza pia. Daktari wangu alisema zile zenye virusi hai zisubiri dozi ishuke.

MamaSuzi (Moshi)

Nimesoma nimelia. Kaka wa Ruiru, pole kwa Bobi. Nimemsomea shemeji ujumbe wako neno kwa neno. Hakusema kitu, ila asubuhi nimemkuta anamsugua Suzi masikio.

Kweli mchuzi wetu una vitunguu na nilikuwa nachanganyia ugali wake. Nimeacha leo.

MamaSuzi (Moshi)

Mrejesho, 27 Mei. PCV 35. Daktari amenionyesha mrija, plazima juu yake ni angavu kama maji ya mchele uliooshwa mara ya mwisho. Kwenye kioo chembe hazijashikana. Dozi inabaki vidonge vinne na nusu hadi tupime tena.

Banda tumeliziba Jumapili, mume wangu na shemeji. Kwenye ufa mmoja nyuma ya mlango tulikuta kupe wamejaa kama mbegu za mbarika, na miezi yote hii nilikuwa namwogesha nikidhani nimemaliza.

MamaSuzi (Moshi)

12 Juni. PCV 38! Leo tumeshuka hadi vidonge vitatu na nusu, tunapima tena tarehe 24. Maji yamepungua hadi lita moja na nusu. Jana usiku nimeamka mara moja tu, na nilipofungua mlango Suzi alitoka, akakojoa, akasimama pale getini akimbwekea bodaboda aliyekuwa anapita. Sijamsikia akibweka tangu Machi.

tausi wa Sakina

Andika hilo la kubweka kwenye daftari, na tarehe yake.