Kiko cha daktari wa Keya: niuze au nibaki nacho?

Binti wa Bombo
Shikamooni wazee. Babu yangu alikuwa dresa (msaidizi wa daktari) wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akaenda Burma 1944. Ametuachia sanduku la bati. Ndani kuna kiko cha mti kilichochongwa nyoka na fimbo na taji, shingoni kina pete ya fedha. Pia kuna msumeno mdogo wa kukatia mifupa. Nyumbani husemwa kiko alipewa na daktari Mzungu, mpasuaji wake. Mnunuzi wa Kampala anatoa laki tatu za kiko, msumeno ameukataa. Kaka yangu anataka tuking'arishe kwanza ili bei ipande.

Fundi Saa, Jinja
Marahaba binti. Mnyang'anye kaka yako kitambaa. Ule weusi uliojikusanya kwenye mikunjo ya nyoka ndio ushahidi wako. Ukishautoa, mchongo wa vitani na wa juzi ni kitu kimoja.

Mti hautaji umri wake, fedha hutaja. Shika lenzi uisome pete. Simba anayetembea ni fedha halisi ya Kiingereza, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na ile herufi iliyo peke yake ni mwaka.

Halafu nyoka. Mmoja kwenye fimbo, amezungukwa na majani, ni madaktari wa jeshi la Uingereza. Wawili kwenye fimbo yenye mabawa ni Wamarekani, nao walikuwepo Burma. Taji la Mfalme limepanda kama kuba. Likiwa limebonyea katikati ni la Malkia, baada ya 1952, na hapo daktari wa Burma hayumo.

Msumeno usiudharau. Ukiona mshale mpana umegongwa kwenye chuma, ulikuwa mali ya serikali, si ya daktari. (Ulifikaje Bombo? Marehemu tumwache apumzike.)

Mnubi Halisi
Mzee, nyoka hata mimi namchonga. Askari wangapi walichonga viko kambini wakingoja meli?

Fundi Saa, Jinja
Wengi mno, ndiyo maana kiko kitupu mimi sikinunui. Nanunua kiko na karatasi zake. Binti, kuna kitabu cha malipo? Cheti cha kuachishwa jeshi? Medali peke yake haitoshi: Nyota ya Burma waliyopewa watu wetu haikuchorwa jina, mtu anaipata sokoni akajitungia babu. Barua moja inayotaja bonde la Kabaw au mto Chindwin huko Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita, inazidi pete hiyo kwa thamani. Bonde la Kabaw lilijaa malaria. Dresa na daktari wake hawakupata usingizi huko.

Binti wa Bombo
Nyoka ni mmoja, taji limepanda. Nanga ipo, herufi imesuguka. Cheti kiko kwa shangazi Arua, ila yeye hamsomei mtu karatasi zake kwa simu.

Fundi Saa, Jinja
Basi panda basi la Arua kabla hujamjibu mnunuzi. Herufi ipige picha mchana karibu na mlango, bila flashi. Na msumeno ugeuze, nionyeshe mpini.