Misumeno ya kale na hii ya sasa: tupeane uzoefu

Seremala wa Wete: Assalaam alaykum. Nimemuona kijana akipasua ubao wa mfenesi kwa msumeno mpya, bapa likajikunja na halikurudi tena. Nikaukumbuka wa marehemu babu, Spear & Jackson wa Sheffield. Ukiukunja hata ncha ikaribie mpini, ukiuachia unanyooka wenyewe. Feleji ile imekwenda wapi? Mwenye kisa alete.

Mtu wa Nungwi: Umesema kweli yakhe. Huku kwa waunda majahazi msumeno wa kale haukopeshwi.

Binti wa Jang'ombe: Mie changu kinaniuma mpaka leo. Baba aliacha Disston ya Marekani, mpini umechongwa mashuke ya ngano, skrubu za shaba. Ulilaliwa na mbao stoo ukapinda kidogo. Ami akaupeleka kwa mhunzi. Mhunzi akautia motoni mpaka ukawa mwekundu, akaugonga, ukanyooka kama rula. Nyumba nzima tukafurahi. Kaka akaanza nao fremu ya mlango, kazi ya watu wa harusi. Ukikwama kwenye ulimbo wa mfenesi, bapa linabaki limepinda. Anatia tupa asubuhi, adhuhuri meno butu. Akampelekea mzee mmoja Mkunazini. Mzee akaukunja mara moja tu, akauweka chini. Akasema bapa hili kiwandani lilizimwa likiwa la moto, yaani likapozwa ghafla, kisha likapashwa kwa kiasi, ndipo likapata ugumu pamoja na mnyumbuko. Likirudishwa kwenye wekundu, vyote vimetoka, umebaki na bati. Kaka alikaa kizingitini akalia, mtu mzima na ndevu zake. Msumeno uliojenga nusu ya mtaa wetu!

Mama Chake: Innalillahi. Nimesoma mara mbili.

Mtu wa Nungwi: Ami yenu kaua msumeno.

Binti wa Jang'ombe: Ami alitaka wema, tafadhali. Mwenye kujua moto ni mhunzi.

Mtu wa Nungwi: Mhunzi wa majembe atajuaje msumeno? Aliyeupeleka ndiye wa kuulizwa.

Seremala wa Wete: Jamani, msigombane juu ya marehemu wa watu. Msumeno uliopinda hunyooshwa baridi, juu ya gogo, kwa nyundo nyepesi na subira.

Fundi Kijana: Wazee mnaionea misumeno mipya. Ile yenye meno meusimeusi imepashwa meno kwa umeme, ni magumu kuliko tupa. Mie nakata plaiwudi mwezi mzima bila kunoa.

Seremala wa Wete: Na yakishakufa? Tupa inateleza tu juu yake. Unatupa, unanunua mwengine. Wa babu umetiwa tupa mpaka bapa limekuwa jembamba, na unakata.

Mpenda Vyuma, Malindi: Mambo mawili. Sheffield walikuwa wakiyeyusha feleji ndani ya vyungu, njia ya Benjamin Huntsman ya miaka ya 1740, ndiyo maana ilikuwa safi na sawa bapa zima. Henry Disston alifungua kazi Philadelphia mwaka 1840, na 1855 akaanza kuyeyusha feleji yake mwenyewe. Pia bapa la misumeno yao mizuri lilisagwa mgongoni likawa jembamba kuliko kwenye meno, kwa hiyo halibanwi na mti. Lakini si kila cha kale ni kizuri! Hata zamani misumeno rahisi ilikuwepo. Ukunje, uuachie, utazame kama umenyooka. Kisha jaribu jino moja kwa tupa: ishike, isiteleze, wala isizame kama kwenye bati.

Fundi Kijana: Hilo la mgongo sikulijua. Ahsante.

Mama Chake: Na kutu? Hewa ya bahari inamaliza kila kitu. Mume wangu anapaka mafuta ya nazi.

Mtu wa Nungwi: Nazi inaganda, inashika vumbi la mbao. Mafuta ya cherehani.

Mama Chake: Miaka yote nazi, na msumeno unang'aa.

Mtu wa Nungwi: Basi labda nazi za Pemba.

Binti wa Jang'ombe: Seremala, bapa la baba laweza kuzimwa upya?

Seremala wa Wete: Bapa jembamba hivyo, kwa mhunzi wa mtaani, litajikunja kama kaukau. Usiupeleke popote. Vua mpini na skrubu zake, nikutafutie bapa jengine zima la kuutia mpini huo.