Naomba ushauri: rangi ya akriliki inakauka kabla sijalainisha kivuli cha shavu

Wakuu, naomba msaada wa kuchora picha za sura za watu kwa akriliki (rangi ya kuchorea inayochanganywa na maji), hapa Arusha. Mchanganyiko wa ngozi nyeusi uko sawa: kahawia iliyokolea sehemu 2, bluu ya altramarini sehemu 1, nyekundu kidogo. Nyeusi ya kopo siiweki kabisa, maana ikikutana na nyeupe inazaa kijivu na sura inapauka kama ina majivu.

Shida iko pale mwanga wa shavu unapokutana na kivuli. Kipindi hiki cha jua kavu rangi inashika haraka mno. Ukirudisha brashi inabandua tabaka lililokauka nusu na kuacha mabaka. Kuongeza maji mengi hakufai, gundi ya rangi inadhoofika. Tena akriliki ikikauka inakolea, kwa sababu gundi yake mbichi ina weupe wa maziwa unaopotea, hivyo kiraka cha kesho hakilingani.

Dawa ya kuchelewesha kukauka inapatikana duka gani hapa mjini au Moshi? Aliyejaribu glisirini, matone mangapi kwa kijiko cha chai, na haibaki kunata? Au nijenge kivuli kwa tabaka nyepesi nyepesi tu?