Baba ana sukari na hatoki ndani tangu Machi. Nimruhusu atembee? Tupo Mwanga, Kigoma

Mama Zawadi (mleta mada)

Mwakeye wanajamvi. Naombeni ushauri wa dhati, hasa kutoka kwa mliopo Kigoma na mnaouguza wazee.

Naishi Mwanga na baba yangu mzazi, miaka 71, mstaafu wa reli. Ana sukari ya siku nyingi na presha, zote anameza vidonge. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi mwaka huu wa 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona nchini kutangazwa, sisi watoto wake tulikubaliana mzee asitoke. Najua huku kwetu hakuna aliyefungiwa. Soko linaendelea, misikiti iko wazi, bodaboda zinapakia. Ni uamuzi wetu wenyewe, maana kila redio inasema corona inawaumiza zaidi wazee na wenye sukari.

Sasa naona tumeziba huku, panavuja kule. Baba ni mtu wa miguu. Alfajiri msikitini, asubuhi anashuka stesheni kusalimia wenzake wa zamani, jioni barazani kwenye bao. Leo anashinda kwenye kochi. Jioni miguu yote miwili imevimba. Sukari inapanda ilhali chakula ni kile kile, na ugali nimeshampunguzia. Usiku hapati usingizi, mchana anasinzia. Linaloniumiza kuliko yote ni kwamba amenyamaza. Wajukuu wako nyumbani kutwa nzima, na zamani angewakalisha awatajie stesheni zote kuanzia Kigoma mpaka Dar. Siku hizi wanampita kama hawaoni.

Mdogo wangu yuko Uingereza. Kule wamefungiwa kwa amri tangu 23 Machi, lakini hata wao wanaruhusiwa kutoka mara moja kwa siku kufanya mazoezi. Ameniuliza, "Dada, sisi tuliofungiwa na serikali tunatembea, baba asiyefungiwa na mtu mbona mmemfungia?" Nilikosa jibu. Kaka yetu wa Dar hataki hata kulisikia, anasema mzee akitoka akaugua, lawama ni yangu.

Nisaidieni. Ni salama atembee? Saa ngapi, na apite wapi pasipo na msongamano? Na wazee wenzake wakimpa mkono itakuwaje?

Mtoto wa Gungu

Pole dada. Mimi niko upande wa kaka yako. Ugonjwa huu bado hatuujui vizuri. Mzee abaki ndani, dawa apate, miguu mkandeni.

Muuguzi wa Zamu

Mtoto wa Gungu, naelewa hofu yako, ila hapa sikubaliani nawe. Kirusi hiki kinasafiri kwenye mate na pumzi za mtu aliye karibu, na kinapata nafasi zaidi kwenye chumba kilichofungwa na penye watu wengi. Njiani kuna upepo na unaweza kumkwepa mtu. Mzee anayekaa sebuleni na watu wanaotoka sokoni na stendi hajawa salama kwa sababu tu haendi popote. Kwa hiyo kabla ya yote, Mama Zawadi, wewe na watoto nawa kwa sabuni kila mnapoingia, na madirisha yawe wazi.

Tuje kwa mzee. Misuli ya mapaja na miguu inapofanya kazi inakula sukari iliyomo kwenye damu. Akikaa tu, sukari inabaki ikizunguka hata kama chakula ni kile kile. Uvimbe nao: misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu ya miguuni irudi juu, na asipotembea maji yanajaa chini. Lakini zipo dawa za presha zinazovimbisha miguu, amlodipine ni mojawapo, hivyo ulizeni kliniki anatumia ipi. Msimwachishe wenyewe. Na ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, au analala kwa mito mitatu kwa sababu pumzi inakata, usisubiri ushauri wa humu. Mpeleke hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo.

Aanze dakika kumi njia tambarare, aongeze kidogo kidogo hadi nusu saa, siku tano kwa wiki. Asitoke tumbo tupu. Mfukoni awe na pipi au sukari kwenye karatasi, na anayeongozana naye ajue dalili: akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akianza kuongea ovyo, mkalishe umpe sukari kwanza, maswali baadaye. Viatu vya kufunika na soksi, si kandambili. Kila usiku mkague nyayo, maana mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asisikie. Barakoa ya kitambaa avae anapopita kwenye watu.

Nina swali. Ramadhani hii anafunga?

Mama Zawadi

Hafungi dada, daktari alimkataza miaka mingi, anatoa fidia. Ahsante sana. Hili la dawa kuvimbisha miguu sijawahi kuambiwa.

Mjomba wa Mbezi

Atoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara nyeupe, hakuna mtu. Huku Dar mimi ndiyo saa yangu.

Bint Ujiji

Mjomba, Dar sawa. Kigoma jua linachomoza karibu saa moja, saa hiyo unayoisema ni giza tupu. Mzee wa miaka 71 mwenye sukari kwenye njia yenye mashimo ataumia kabla hajakutana na corona.

Dada, mtoe saa mbili hivi, akishakunywa chai na dawa. Jioni ya Ramadhani usimtoe kabla ya futari, Mwanga sokoni saa hizo watu wanabanana wakinunua magimbi na tende. Adhana ya magharibi ikilia njia zinabaki tupu kabisa, lakini giza nalo limeingia.

Kuhusu mikono, baba yangu tulimpa fimbo aishike mkono wa kulia, wa kushoto anauweka kifuani. Mkono una kazi, hakuna mzee anayenuna. Mwanzoni wenzake walimuuliza kama mguu unauma. Sasa na wao wanaweka mkono kifuani.

Mwana wa Katonga

Njia ndiyo yangu. Usimwanzishie na kushuka stesheni ingawa ndiko anakokupenda, kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima. Akishapata nguvu, ashuke kwa miguu taratibu, apumzike kwenye kivuli cha miembe, arudi kwa bajaji aliyokodi peke yake. Na iwe siku isiyo ya treni.

Ziwani Kibirizi asubuhi usimpeleke, mitumbwi inarudi na dagaa, pale ni wachuuzi, wabebaji na wasafiri, bega kwa bega. Isipokuwa siku za mbalamwezi kama hizi za katikati ya Ramadhani. Mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika na ufukwe unapata nafasi. Hata hivyo mwaka huu ziwa limejaa sana, maji yamekula njia za kando, mtu mzima asipite kwenye utelezi ule. Kaeni na njia za mitaani kwanza.

Mama Zawadi

Nimeongea na baba leo baada ya kusoma haya. Amekataa! Anasema hawezi kuzunguka mtaani na fimbo kama mtu asiye na kwao, watu wamuulize "mzee unaenda wapi" akose la kujibu. Nimebaki nimeshika kichwa.

Mjukuu wa Reli

Mzee yuko sahihi kwa namna yake. Babu yangu naye alikuwa wa reli, na hao watu maisha yao yote walikwenda mahali na kurudi kwa saa. Usimpe mazoezi, mpe kazi. Mna shamba, kiwanja, mtu wa kumpelekea ujumbe?

Na mpe mjukuu mmoja. Shule zimefungwa, mtoto anahitaji kutoka kama yeye. Wakifika siku ya stesheni amwonyeshe lile jengo kwa nje, amweleze Wajerumani walivyoifikisha reli Kigoma mwaka 1914 na kazi aliyoifanya yeye pale. Utaona kama atanyamaza.

Bao ndilo aliache kwa sasa, kete zile zile zinapita mikono yote. Mazungumzo na wenzake yawe nje, wasimame mbali mbali.

Mama Zawadi

Tuna kiwanja ambacho hatujajenga, si mbali, njia yake tambarare, tumepanda muhogo na migomba. Nimemwambia nasikia mbuzi wa watu wanaingia, na ni kweli wanaingia. Ameuliza fimbo iko wapi.

Kaka nimempigia, nimemsomea maelezo ya muuguzi yote. Amekubali kwa sharti asubuhi kwanza baba apimwe sukari, na Zawadi aende naye. Kipimo tunacho. Je, ikisomaje asitoke?

Muuguzi wa Zamu

Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), ale kwanza, msubiri, mpime tena. Ikizidi 15, siku hiyo apumzike, na ikiendelea hivyo nendeni kliniki. Wiki ya kwanza mpimeni kabla ya kutoka na akirudi, muandike kwenye daftari pamoja na muda aliotembea. Daftari hilo mwende nalo kliniki. Zawadi abebe maji ya kunywa pia.