Naomba ushauri: kozi ya kupumua na wema wa kila siku, na nyumbani hatusemezani

MwanaLangoni
Asalaam alaykum wanajamvi. Niko Lamu, Langoni, nalea watoto na namuuguza mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Usiku mwingine moyo unanienda mbio hadi nahisi pumzi hainitoshi. Nimepimwa moyo na presha, daktari akasema ni mzima, ni fikira zimenizidi.

Shoga yangu anayefanya kazi nyumba ya wageni kule Shela anataka tujiandikishe kozi ya kupumua ya taasisi iitwayo Art of Living, kwa intaneti. Pamoja na pumzi, wanahimiza mtu atende wema kila siku bila kungoja malipo. Hapo ndipo penye uzito. Naishi nyumba moja na mke wa shemeji yangu, na tangu tulipogombana kwa zamu za kumuuguza mama, salamu yangu haitikii. Nitawatendeaje wema wa nje na ndani hatusemezani? Mume wangu naye anauliza kama hii si ibada ya watu wengine.

NesiPwani
Waalaykum salaam dada, pole kwa kuuguza. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, ukiitoa hupungua. Basi ukiitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mwili unatulia. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mazoezi mengi ya kutuliza hushuka hadi kama mara 6. Moyo ukianza mbio, keti, vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, dakika tano hivi. Hilo ni bure, anza leo.

Kozi hiyo ina sehemu za kupumua kwa kasi. Kasi hupunguza kaboni dioksidi kwenye damu, ndiyo maana wengine hupata kizunguzungu na ganzi vidoleni. Mwenye mimba, kifafa au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Mwenye pumu asiache inhela yake. Kifua kikiuma au ukizimia, nenda hospitali.

KofiaYaKiua
Mwanangu, kupumua hakuna dini. Lakini ujue unakoingia: taasisi hiyo aliianzisha Sri Sri Ravi Shankar huko India mwaka 1981. Wenyewe husema si ya dini yoyote, ila ndani ya mazoezi hutamkwa “Om”, neno takatifu la Wahindu. Mwambie mwalimu mapema kwamba hapo utanyamaza. Akikubali, kajifunze. Akikataa, ya nesi yanakutosha.

Wema tumefundishwa na Mtume (s.a.w.): kutabasamu mbele ya nduguyo ni sadaka, kuondoa la kudhuru njiani ni sadaka. Na vichochoro vyetu unavijua, watu na punda wote hupita papo hapo, na mafundi huacha vipande vya mawe ya matumbawe. Ondoa kimoja ukienda sokoni. Salamu endelea kumtolea huyo mwenzio, asipoitika ujira wako uko.

BintiShela
Niliisoma kozi hiyo. Usingizi ulirudi, lakini kilichonifaa zaidi ni kufanya mazoezi kila alfajiri baada ya sala, watoto hawajaamka. Ulizeni bei yote kabla ya kulipa. Kuhusu mke wa shemeji, usimpelekee zawadi, ataona unamsuta. Mshikie zamu moja ya kumgeuza mama, usiitangaze.

AbuFatma
Hapo sikubaliani nawe, dada. Huyu mwanamke kachoka hadi moyo unamwenda mbio, na wewe unamwongezea zamu? Mama ni wa wale ndugu wawili. Mumeo na kaka yake waketi, wagawane usiku. Kugeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili si kazi ya wake peke yao.

MwanaLangoni
Allah awalipe kheri. Nimemsomea mume wangu maneno ya AbuFatma, ameinamisha kichwa, kisha akampigia kaka yake. Kozi tutamuuliza mwalimu habari ya kunyamaza kwanza. Hesabu ya nne kwa sita nimeijaribu, mama mkwe akanitazama akaanza kunifuata. Je, ni salama kwake?

NesiPwani
Ni salama, na mapafu ya mtu anayelala kutwa yanahitaji mazoezi hayo. Mwinue kwa mito aketi, avute taratibu kwa kadiri anavyoweza, bila kuzuia pumzi. Pumzi chache tu kisha apumzike, mrudie mara kadhaa mchana. Na yule mwenzio akipita mlangoni, mwite amshike mkono upande uliopooza.