Tupeane uzoefu: ulipojenga kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), usanidi wa kawaida ulikufaa au ulikutesa?

Wadau, nianze mimi. Niko Kondele, Kisumu, kazi yangu ni kutengeneza laptopu. Nilijenga kerneli ya Linux 6.1 kwa laptopu yangu mwenyewe. Nikaandika make defconfig, amri inayoweka usanidi wa kawaida, sikugusa kitu, nikaacha ikijijenga usiku kucha. Asubuhi naiwasha, inakwama. Nikasoma skrini polepole: diski kerneli imeiona, hata sda3, sehemu yangu ya diski, imeitaja. Chini yake kuna orodha ya mifumo ya faili (njia za kupanga faili kwenye diski) iliyojaribu kusoma. Ext4 imo, vfat imo, btrfs haimo. Na mimi kila kitu changu kiko kwenye Btrfs! Defconfig huwasha mambo machache ya mashine ya kawaida, na mengi yaliyobaki huachwa yamezimwa. Nyinyi yaliwapata yapi?

Mdau wa Nakuru
Pole sana, mkuu. Mimi nilitumia make localmodconfig. Hiyo huangalia moduli, yaani vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika, zinazotumika wakati huo, zile unazoziona kwa lsmod, halafu huzima zilizobaki. Inajengeka haraka mno, nilifurahi. Jioni nachomeka modemu ya intaneti, kimya. Wakati najenga modemu ilikuwa kwa dada yangu Section 58, kwa hiyo draiva yake ilitupwa. Siku hizi nachomeka kila kitu kwanza: modemu, printa, flashi, hata kebo ya simu. Ndipo naandika amri.

Mdau wa Kakamega
Mimi nanakili faili la config (usanidi wa kerneli ninayotumia sasa) lililoko /boot, kisha make olddefconfig. Yaliyokuwapo yanabaki, maswali mapya yanajibiwa kwa jibu la kawaida. Haijawahi kukataa kuwaka. Lakini jamani, moduli ni maelfu! Mara ya kwanza diski ilijaa katikati kwa sababu sikuzima taarifa za kutafutia hitilafu. Mara ya pili stima ikapotea. Iliporudi niliandika make tena, ikaendelea ilipoachia, haikuanza upya. Hilo lilinipa moyo kweli.

Mdau wa Bungoma
Mimi ni oldconfig tu, ile inayouliza. Kila swali nabonyeza alama ya kuuliza nasoma maelezo. Mengi yanakushauri kabisa ujibu nini usipokuwa na hakika. Nimejifunza mengi hapo kuliko darasani.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Mkuu wa Nakuru, kuna jambo moja: localmodconfig hukubali orodha ya lsmod iliyotoka mashine nyingine, unaipa kwa LSMOD=. Mashine ya mteja ikiwa ya polepole, nachukua orodha yake najengea kwangu.

Yangu imeshawaka. Btrfs niliiweka y (ndani ya kerneli), si m (moduli ya pembeni), maana situmii initrd, ile diski ndogo ya muda inayobeba moduli wakati wa kuwaka. Ingekuwa m, moduli ingekaa kwenye diski ileile ambayo kerneli haiwezi kuisoma bila hiyo moduli.

Wa Eldoret na Busia, tunawasubiri.